Siku Niliyomshika Mkono Mama Mkwe

Wengi mmeniuliza, wengine kwa barua kutoka Mwanza na Tarime, kama ni kweli nilimburuta mama mkwe wangu kutoka ndani ya gari mbele ya umati wa watu. Naona habari imesafiri vizuri kuliko nilivyosafiri mimi. Sikumburuta. Nilimshika mkono. Najua kwa watu wa kwetu hiyo siyo nafuu, na ndiyo maana nimefunga karakana yangu ya redio mchana huu nikaketi kuandika, ili atakayenicheka anicheke kwa yale niliyoyafanya kweli.

Sababu ya safari mnaijua. Nyangeta, mke wangu, alikuwa amefikisha mwezi wake. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni, na mama yake Nyangeta hakuwapo siku ile. Mara hii mke wangu alisema jambo moja tu, na alilisema mara moja: hazai mtoto mama yake akiwa Butiama na yeye akiwa Kigera, hapa kwetu Musoma. Nikamlete. Kutoka Musoma hadi Butiama ni safari ya asubuhi moja, ukiwa na akili. Mimi niliondoka Alhamisi nikarudi Jumatatu.

Musoma hadi Bunda, ambako sikuwa naenda

Basi halikuja. Lilikuja lori lililobeba magunia matupu ya pamba, dereva akasema anapita Makutano, ambako njia ya Butiama inaachana na ya Bunda, nami nikapanda na zawadi yangu ya wakwe: sato waliokaushwa, wamefungwa kwenye jamvi, na sukari kidogo niliyoipata kwa kubembeleza. Jambo ambalo dereva hakulisema ni kwamba stata ya lori lile ilikuwa imekufa. Likizimwa mahali tambarare, halikuwaka tena mpaka lisukumwe.

Tulipokaribia Makutano nikagonga bati la kichwa cha lori. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Hapa sisimamagi, ndugu. Napunguza tu. Wewe ruka."

Akapunguza kweli. Kina mama wawili waliokuwa nami wakakusanya khanga zao, wakaruka mmoja baada ya mwingine na vikapu vichwani, wakatua wakiwa wanatembea. Nikatazama ardhi inavyopita chini yangu. Tumbo likaniambia hapana. Nikakaa chini juu ya magunia, nikawapungia mkono wale kina mama kana kwamba safari yangu tangu mwanzo ilikuwa ya Bunda, nao wakanipungia kwa heshima zote.

Nilijiambia nimefanya jambo la busara. Mtu aliyevunjika mguu hawezi kumleta mama mkwe. Ila ilikuwa busara iliyonipeleka mbali sana na nilikokuwa nikienda.

Bunda, na mtu mwenye viatu safi

Bunda ilikuwa imenyeshewa siku tatu. Kila mtu alikuwa na tope mpaka magotini, wakulima waliokuwa wakirudi kutoka kwenye ghala la pamba, ng'ombe, hata makarani. Kila mtu isipokuwa bwana mmoja wa makamo aliyekuja kuketi karibu yangu kwenye benchi la mgahawa. Viatu vyake viling'aa. Nikavitazama, nikamtazama yeye, tumbo likaanza tena.

Alikuwa mpole kupita kiasi. Aliniuliza natoka wapi, naenda wapi, nimebeba nini. Nilipomwambia Butiama akafurahi, akasema ana baiskeli, anaelekea Nyamuswa, angeweza kunipakia mpaka huko kwa njia ya mkato, na mzigo wa samaki ungekaa mbele. Njia ya mkato. Na mzigo wangu. Nikaona picha nzima, jinsi nitakavyoachwa porini nikiwa na jamvi tupu.

Sikutaka kumwudhi. Mimi sipendi kumwudhi mtu, hata mwizi. Nikamshukuru sana, nikamsifia baiskeli yake, nikamwambia namsubiri kaka yangu ambaye angekuja kunichukua wakati wowote.

"Basi nitakaa na wewe mpaka afike," akasema. "Kungoja peke yako kunachoshaga."

Akaagiza chai na mihogo ya kuchemsha, yangu na yake. Tukakaa. Tukazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya jembe, juu ya watu waliohamishiwa vijiji vipya wakajikuta shamba liko mbali na nyumba. Kila gari lilipopita aliniuliza kwa upole, "Siyo huyo?" Nami nikajibu, "Bado." Kaka yangu sijui angetokea wapi, mimi ndiye mtoto wa kiume pekee kwa mama yangu kule Bukima. Mwishowe, jua lilipoanza kulegea, akasimama, akaniomba radhi kwa kuniacha, akaenda zake.

Nililala kwa mkulima mmoja wa pamba, aliyenipa ugali wa mtama na maziwa mgando bila kuniuliza jina mpaka niliposhiba. Asubuhi nikapanda mkokoteni wa ng'ombe wake. Mkokoteni ule ulikwama mara nne, na mara zote nne nilishuka kusukuma. Tulipofika Nyamuswa nilikuwa na rangi ya barabara.

Nje ya jengo la shule kulikuwa na darasa la watu wazima, wazee kwa kina mama wameketi kwenye magogo, wakisoma herufi ubaoni kwa sauti moja. Mwalimu alikuwa ndiye yule wa Bunda. Miguu mitupu, imejaa tope. Viatu vilikuwa ndani ya mfuko ulioning'inia kwenye baiskeli, kumbe alivivaa mjini tu. Aliponiona akasimamisha somo.

"Ndugu, kaka yako alifika?"

Darasa zima likageuka kunitazama mimi, na ng'ombe, na mkokoteni.

"Alifika," nikasema.

Akafurahi kwa moyo wake wote, na mimi nikatamani tope linimeze. Mtu mwema kabisa, nami nilimwogopa kwa sababu ya viatu. Njia nzima ya kwenda Butiama, ambayo sehemu kubwa niliitembea kwa miguu, nilijiapia kuwa sitalisikiliza tumbo langu tena.

Butiama, nyumbani kwa wakwe

Kwa wale wasiojua mambo yetu, nieleze kidogo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono. Hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anatoka barabarani ampishe mwenzake. Kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Miaka minne nilikuwa mume wa Nyangeta, na ukiniuliza mama yake ana uso wa namna gani, ningekuelezea khanga yake.

Kwa hiyo nilipobisha hodi Ijumaa jioni, mama mkwe alizunguka nyuma ya nyumba, na baba mkwe akanipokea. Mazungumzo yote ya siku mbili yalikwenda hivi: mimi namwambia baba mkwe, baba mkwe anapaza sauti kuelekea jikoni, jikoni wanajibu, baba mkwe ananirudishia maneno niliyokwisha kuyasikia.

"Anauliza, Nyangeta anakula?"

"Anakula, baba."

"Anakula," baba mkwe akapaza.

"Anauliza miguu imevimba?"

Nikasema imevimba kidogo. Kutoka jikoni nikasikia jiwe la kusagia linaanza kazi. Alisaga ulezi wa uji wa mzazi Jumamosi yote, sauti ile haikukatika ila wakati wa kula. Samaki wangu walipokewa kwa shangwe na hawakuliwa mbele yangu, ndivyo inavyotakiwa.

Usafiri ulitufuata wenyewe. Jumapili asubuhi alipita Mzee Magesa na Pijo lake la pikapu. Magesa nimemwita mzee kwa adabu, ni mtu wa miaka hamsini, ana mashine ya kusaga hapa Musoma mjini, na alikuwa amekuja kuona ndugu zake. Anacheka kabla ya kusema, wakati wa kusema na baada ya kusema. Baba mkwe alimkabidhi mkewe kwa furaha. Mama akaketi mbele, upande wa abiria, na mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya mihogo mikavu, mbali naye kadiri gari lilivyoruhusu. Kikapu chake chenye ulezi, khanga na kuku mmoja hai kikawekwa karibu yangu. Kila kitu kilikuwa sawa.

Tulichelewa tu kuondoka, kwa sababu Magesa aliagana na kila mtu. Na hapo mkumbuke ilikuwa Jumapili. Miaka hii magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani Jumapili ikishapita saa nane mchana, kuokoa mafuta. Magesa alitazama saa yake mara nyingi, akicheka.

Mtoni

Kati ya Butiama na Makutano kuna mto ambao kiangazi haustahili jina hilo. Hauna daraja. Wameweka sakafu ya zege chini, magari yanapita juu yake, na kando wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa ili dereva ajue zege linaishia wapi. Siku ile mawe hayakuonekana hata moja. Maji yalikuwa ya kahawia, yanakwenda kimya, yamebeba majani na matawi.

Upande wetu palikuwa na kama watu kumi. Baiskeli zilikuwa zimelazwa. Mwanamke mmoja mnene alikuwa ameketi juu ya kikapu cha viazi. Bwana mmoja alikuwa amevua viatu, anakata kucha za miguu kwa wembe, na mtu anayekata kucha ukingoni mwa mto amekwishaamua kuwa hana haraka. Nikashuka kwenda kumsalimia.

"Maji haya yatapungua saa ngapi?"

"Yakipungua," akasema, bila kuinua kichwa.

Tumbo likaniuma, na safari hii halikuniuma kama Bunda. Bunda lilikuwa linanung'unika, linanipa sababu moja baada ya nyingine. Hapa halikutoa sababu yoyote. Lilikaza tu. Nikajikumbusha viatu vya mwalimu. Nikajikumbusha kaka yangu wa uongo. Tumbo langu lilikuwa na rekodi mbaya wiki ile.

Magesa hakuwa amezima injini. Nikamwendea dirishani kwake na tabasamu.

"Mzee Magesa, gari lako kwa kweli ni zuri sana."

"Eeh. Gari yangu haijanitupaga."

"Nilikuwa naona tungoje kidogo, kama hawa wenzetu."

Akacheka. "Hawa wana baiskeli. Fundi, huu mto naujuaga tangu hujaoa. Saa nane ikinikuta njiani, polisi wananiweka ndani mimi, siyo wewe. Panda twende."

"Basi mimi nitavuka baadaye."

"Baki. Mwenyewe nitampeleka mama mpaka mlangoni."

"Na mama ashuke," nikasema.

"Mwambie."

Hapo nikaelewa shida niliyokuwa nayo. Mtu wa tatu, yule wa kupitishia neno, alikuwa Magesa, na ndiye niliyekuwa namwogopa. "Mwambie wewe, tafadhali," nikamwomba. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mkwe ni wako. Mimi nimwambie ashuke kwenye gari yangu, kwani nimemkosea nini?"

Nikazunguka upande wa abiria. Mama mkwe alikuwa ametazama mbele, khanga kichwani, ameketi wima kama yuko kanisani. Nikasimama karibu na mlango, nikaugeukia mto, nikauambia mto kwa sauti: "Kama kuna mtu anapenda kushuka, angeshuka sasa hivi." Mto haukujibu. Mama hakusogea. Nikasema tena, kwa maneno ya adabu zaidi. Wale watu wa ukingoni wakaacha mazungumzo yao kunisikiliza.

Nilisikia gia inaingia. Ninawaambia ukweli, sikufikiri. Nilifungua mlango, nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta. Na nilikuwa bado natabasamu, ndiyo sehemu inayoniaibisha kuliko zote, nikimwambia Magesa asante, asante sana kwa lifti.

Mwanamke wa viazi akajifunika mdomo. Bwana wa wembe akainua kichwa hatimaye. Mama alishuka haraka kuliko nilivyotegemea, akasimama kando yangu, na pikapu likaingia majini na kikapu chake nyuma.

Sasa mnangoja niwaambie gari lilisombwa. Halikusombwa. Lilipofika katikati lilisimama, upande mmoja ukainama, nyuma ikacheza, maji yakapanda mpaka kwenye mlango wa abiria, na kuku akapiga kelele. Kisha likanguruma, likatoka ng'ambo ya pili likichuruzika maji. Magesa akapiga honi ndefu, akatoa mkono dirishani, akaondoka kuwahi saa nane. Watu wote wakacheka. Nikabaki nimesimama mchana kweupe nimeshika mkono wa mama mkwe wangu bila sababu yoyote.

Makutano, kwa miguu

Tuliketi kungoja, yeye kwenye jiwe lake na mimi kwenye jiwe langu, mbali. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilijua binti yake ananisubiri nimpelekee mama, na mimi nimemtoa mama kwenye gari pekee lililokuwa linakwenda.

Kama saa kumi hivi mawe ya chokaa yakaanza kuonekana. Pale watu huvuka kwa kushikana mikono, mstari mmoja, wenye nguvu mwanzoni na mwishoni. Nilipotaka kuingia kwenye mstari nikajikuta nyuma ya mama mkwe. Mwanamke wa viazi akajipenyeza katikati yetu, akanipa mkono mmoja na mama mkono wa pili.

"Ya kwanza ilikuwa ya dharura," akaniambia. "Hii turudishe heshima."

Tulitembea hadi Makutano, mama na yule mwanamke upande huu wa barabara, mimi upande ule. Njiani nilipata mahindi ya kuchoma. Nikala moja, moja nikaliweka juu ya jiwe kwenye jani safi, nikaendelea na safari bila kutazama nyuma. Nilipogeuka baadaye jani lilikuwa tupu. Wanawake wa Makutano walimlaza mama, mimi nikalazwa kwenye kibaraza cha duka, na asubuhi basi likaja, jipya kabisa, kana kwamba huwa linakuja kila siku.

Kigera

Magesa alikuwa ametimiza ahadi yake kwa namna yake. Jumapili ile ile alikiacha kikapu kwa jirani yetu, akasema tunakuja, akaenda zake. Jirani akampelekea Nyangeta. Nyangeta akaona kuku wa mama, ulezi wa mama, khanga ya mama imelowa maji ya mto, na mama hayupo, akaamini mto umemchukua. Uchungu wa kuzaa ukamshika pale pale.

Tulipofika Jumatatu nyumba ilikuwa imejaa wanawake na kilio cha chinichini ambacho sitaki kukisikia tena. Mama mkwe alinipita mlangoni bila kunipisha wala kungoja nimpishe, na tope lake miguuni. Nikasikia Nyangeta anamwita. Mchana mtoto alizaliwa, msichana, akalia. Mimi pia nililia, na sioni haya kuandika hilo.

Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa na hadithi. Magesa anasimulia vizuri, hana nia mbaya, ila kila akisimulia ninamvuta mama kwa nguvu zaidi. Nilikwenda kumshukuru kwa kikapu. Nilimkuta uani kwake na nyundo na kipande cha mti, anaugonga mlango wa abiria kwa ndani. Ulikuwa umebonyea pakubwa.

"Ni gogo lile la mtoni?" nikauliza, ingawa sikuwa nimeona gogo lolote.

"Huu? Huu wa zamani," akasema, akaendelea kugonga. Hakucheka. Pijo lile lina mibonyeo mingi, sikumbuki kama na huo ulikuwapo, na mpaka leo sijui.

Kisha ukaja ujumbe wa baba mkwe. Amesikia. Anajua lilikuwa jambo la dharura mtoni, anamshukuru Mungu kwa mjukuu, lakini mkwe aliyemshika mama mkwe hutoa mbuzi. Sikubisha. Nilikuwa nafunga kamba za viatu nikatafute mbuzi, Nyangeta akaniita chumbani, mtoto yuko kifuani.

"Mama ana neno lake kwako," akasema. "Anasema mbuzi umtoe, mila ni mila. Halafu anasema ulichelewa."

"Nilichelewa nini?"

"Kufungua. Anasema yeye alitaka kushuka tangu alipoyaona maji. Hajawahi kukaa mbele kwenye gari. Alikuwa anapapasa ule mlango kwa ndani, chini ya khanga, hajui unafunguliwa wapi. Yule mzee ni mgeni kwake, hakuweza kumwuliza. Na wewe ni mkwe, hakuweza kukuita."

Nikasimama pale nikifikiria muda wote niliokaa nje ya mlango ule nikizungumza na mto. Kisha nikaenda sokoni kutafuta mbuzi, na sikuchagua mdogo.